Saba Waliyoikata

Nilikwenda makaburini Jumatano asubuhi na ndoo, brashi na kipande cha sabuni, nikarudi na hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza. Nasema mapema, ili anayetaka hadithi ya watu wanaokumbatiana mwishoni akaitafute kwa jirani.

Jiwe la Mwalimu Zunilda Casado lilikuwa limekwisha kubandikwa kwenye uso wa kaburi lake. Lilikuwa limefunikwa gunia la kahawa, likingoja Jumamosi, siku ya kutimia mwaka tangu tumzike. Sikukusudia kuchungulia. Basi, nilikusudia. Niliinua pembe ya gunia nikaona jina lake limechongwa vizuri, nikafurahi. Nikainua zaidi, nikaona namba.

3939133.

Nilidhani saba imefichwa na gunia. Nikalivuta gunia lote chini. Hapakuwa na saba. Kushoto namba ilianzia ukingoni kabisa mwa jiwe, hata kidole kisingepata nafasi. Kulia kulikuwa na nembo ya Kamati ya Maendeleo ya Loma Fría, mlima na jua na tawi la kahawa, kubwa kama sahani ya wali. Na chini, kwa herufi nene kuliko za jina la marehemu, mistari miwili mizima: "Kwa juhudi za Mheshimiwa Licenciado Fausto Arismendy Rosario, Mwenyekiti." Licenciado, yaani mwenye shahada, na haachi mtu asahau. Nikaketi juu ya ndoo yangu. Nilitaka kulia, lakini mori ulinitangulia.

Acha nieleze, maana najua wapo watakaosema: tarakimu moja tu, mama, kuna nini hapo.

Mwalimu Zunilda alifundisha darasa la sita katika shule yetu miaka arobaini. Mwaka wake wa kwanza alikuja na namba aliyoikuta katika jarida la hesabu, akaiandika juu kabisa ya ubao, mahali ambapo kifutio hakifiki: 73939133. Akatuambia ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Za namna hiyo ziko tele, akasema, lakini hii ina makuu yake. Akaiandika tena chini, akaifuta tarakimu ya mwisho kwa kidole. Iliyobaki nayo ni tasa. Akafuta tena mkia, bado ni tasa. Akaenda hivyo hivyo kutoka kulia: 7393913, 739391, 73939, 7393, 739, 73, mpaka ikabaki saba peke yake ubaoni, na saba nayo ni tasa. Haipo ndefu kuliko hiyo yenye tabia hiyo, akasema. Ubandike tarakimu yoyote mkiani mwake, inavunjika.

"Jarida limesema," alituambia, "na jarida huandikwa na watu. Mimi siamini mpaka tugawanye wenyewe."

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wetu. Ili uhakikishe namba ile ni tasa, inabidi uigawanye kwa kila namba tasa iliyo ndogo, kuanzia mbili mpaka 8597. Ukifika hapo bila kuivunja, haivunjiki tena. Hizo ni zaidi ya elfu moja. Mwalimu alizigawa kwa watoto. Kila aliyemaliza darasa la sita alipewa yake moja, akagawanya kwa mkono mbele ya wenzake, kisha akaandika katika daftari kubwa lenye jalada jeusi: namba yake, baki aliyoipata, na sahihi. Kazi hiyo ilichukua miaka arobaini. Wa mwisho alikuwa mjukuu wa mwoka mikate, aliyepewa 8597 akapata baki 4933, na siku hiyo kengele ya kanisa ililia mpaka kamba ikakatika.

Ndiyo maana kwetu mtu hana jina tu. Kinyozi ni 613. Muuguzi wa zahanati ni 2207, na ukimkuta amekasirika ni hivyo hivyo unamwita. Hata mbili ina mwenyewe: Don Leocadio, dereva wa lori la kahawa, ambaye hakuwa mwanafunzi bali alikuwa akimposa mwalimu mwaka ule wa kwanza, akang'ang'ania naye apewe. Alipata baki moja, akasaini kwa mbwembwe, na miaka yote ya ndoa yao mkewe alimtania kwamba alimpa ile nyepesi kwa kumwonea huruma.

Mimi, Nereida, fundi cherehani wa sare za shule, ni kumi na moja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikapata baki nne. Sahihi yangu iko ukurasa wa kwanza, mstari wa tano, na wino umevuja kidogo kwa sababu nilikandamiza kalamu mno.

Sasa umeelewa. Nikalirudisha gunia, nikaokota ndoo yangu, sikuosha kitu, nikashuka moja kwa moja mpaka karakana ya Polibio mchonga mawe, nyuma ya kituo cha mafuta.

"Doña Nere!" akaniita toka mbali, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. "Karibu, kahawa ipo."

"Kahawa kanywe na shetani. Saba iko wapi?"

"Saba gani tena?"

"Ya Mwalimu. Usijifanye hamnazo."

Polibio alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Ni mtu wa miaka arobaini, mpole, mikono mikubwa, na kazi yake kwa kweli ni safi. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

"Haikuenea," akasema. "Licenciado alikuja hapa mara tatu. Mara ya kwanza, nembo iwe kubwa. Mara ya pili, jina lake liwe nene. Mara ya tatu nikamwambia, bosi, kwa nembo hiyo namba haienei tena, imezidi moja. Akasema, 'Basi punguza moja, Polibio, si ndiyo kazi yako?' Nikapunguza."

"Ukapunguza kichwa."

"Sasa ningepunguza nini, mkia?" Aliniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa. "Doña Nere, hata wewe unacheza bahati nasibu. Mkia ndio unaokula! Namba yako ikiwa na kichwa kibovu, mkia ukilala sawa, bado una chako. Mkia ukipotea, tiketi ni ya kufungia karanga. Nikajiambia, hapa nilinde cha maana."

Mji mzima unakaa mbele ya duka kila jioni ukibishana juu ya mikia, tarakimu mbili za mwisho, nani kaota samaki na nani kaota jeneza, maana kila ndoto ina namba yake, na hekima hiyo ndiyo iliyopandishwa mpaka makaburini ikamkata Mwalimu kichwa. Nadhani hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu angefanya kosa hilo kwa nia njema.

"Polibio, nisikilize vizuri. Suruali ikiwa ndefu, unaipunguza wapi?"

"Kwenye upindo."

"Kwenye upindo! Kule chini! Namba hii iliumbwa ipunguzwe kwenye upindo. Ungekata mkia, ingebaki nzima, Mwalimu mwenyewe angecheka huko aliko. Wewe umekata kiunoni, mwanangu. Hii haivaliki."

"Lakini nani anajua kama imeharibika? Labda nayo ni tasa."

Swali hilo, nakiri, lilikuwa la haki. Hata mimi sikuwa na hakika. Nikamwambia akae chini agawanye.

"Kwa ngapi?"

"Kwa yangu. Kumi na moja. Ndiyo ninayoijua."

Akaketi juu ya bamba la marumaru, akachukua penseli ya seremala, akaandika kwenye ubao wa kupimia. Aligawanya polepole, ulimi nje, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Thelathini na tisa, tatu, baki sita. Shusha tatu: sitini na tatu, tano, baki nane. Shusha tisa: themanini na tisa, nane, baki moja. Shusha moja: kumi na moja, mara moja, hakuna baki. Shusha tatu: haitoshi, sifuri. Shusha tatu ya mwisho: thelathini na tatu.

Akaweka penseli chini. Nami nilikuwa nimeshaona.

"Tatu," akasema. "Baki hakuna."

"Rudia."

Akarudia. Hakuna.

Sijui nitalielezaje. Miaka hamsini kasoro nimekuwa mtu aliyejaribu kuivunja namba ile akashindwa, na kushindwa huko ndiko kulikokuwa fahari yangu. Sasa lile jiwe lilikuwa linaitangazia dunia kwamba Mwalimu aliweka juu ya ubao kitu kilichooza, na kwamba mtu wa tano tu katika daftari alitosha kukivunja, ila alidanganya, akaandika baki nne. Mwongo mwenyewe ni mimi.

"Mimi Mwalimu hakunipa namba," Polibio akasema, bado anaangalia ubao. "Niliachishwa darasa la nne, baba alinitaka kwenye mawe. Ningekuwa na yangu, Doña Nere, nisingekata bila kuuliza."

Lilinichoma, lakini sikumwonyesha. Nikamwambia arekebishe. Akasema kushoto hakuna nafasi hata ya unywele, na jiwe jipya ni lazima liagizwe na Licenciado, maana jiwe ni mali ya Kamati.

"Basi nakwenda kwa Licenciado."

"Mungu akutangulie," akasema, na nadhani alikuwa anamwombea Licenciado.

Fausto Arismendy ni 1747. Baki yake ni 852, lakini usidhani aliipata mara ya kwanza. Alipokuwa na miaka kumi na miwili aligawanya mbele ya darasa akapata sifuri, na kabla Mwalimu hajainua kichwa alikuwa ameshatoka mbio, akazunguka uwanja wa mji akipiga kelele: "Nimeivunja! Nimeivunja!" Watu walitoka madukani. Mwalimu alimfuata taratibu, akamshika mkono, akamrudisha, akamwonyesha mahali aliposahau kushusha tarakimu. Alirudia mara tano mpaka 852 ikatoka. Hakuchapwa wala kutukanwa, ila mji ulicheka, na tangu siku hiyo Fausto akawa mtu wa kutafuta vyeo.

Ofisini kwake nilimkuta na tai, anajaribu hotuba mbele ya kioo.

"Doña Nereida, mama wa sare! Kulikoni?"

"Fausto, umemkata Mwalimu kichwa."

"Licenciado," akanisahihisha, akitabasamu.

"Nilikushonea suruali yako ya darasa la kwanza, ukaikojolea siku ya pili. Usinifundishe namna ya kukuita."

Tabasamu likapungua. Nikampasulia yote: saba, kumi na moja, baki hakuna, upindo na kiuno. Alinisikiliza huku akinyoosha tai yake.

"Zilikuwa tarakimu nane," akasema. "Saba zipo. Kwa hesabu yoyote, hiyo ni kazi nzuri."

"Nikikushonea shati bila shingo, nalo ni kazi nzuri?"

"Jumamosi kuna wageni kutoka mji mkuu, Doña Nereida. Kuna mpiga picha. Nani atasimama pale aanze kugawanya?"

"Watu elfu moja wenye sahihi."

"Nusu yao wako Nueva York na robo wako hapo hapo makaburini." Akacheka kidogo peke yake. Kisha akainama, akashusha sauti kama mtu anayenipa habari njema. "Na kama unamwogopea mumewe, usiwe na wasiwasi. Don Leocadio haoni. Hatajua kitu. Kwa nini tumuumize mzee wa watu?"

Nimeshonea watu wa mji huu miaka arobaini na mitano, nimesikia mengi nikiwa na pini mdomoni. Sijapata kusikia neno chafu kuliko hilo, na limesemwa kwa upole.

"Ulitaka kuivunja ukiwa na miaka kumi na miwili," nikamwambia. "Umeiweza ukiwa na hamsini. Hongera."

Akawa mwekundu mpaka masikioni, kama uwanjani siku ile. Akaninyooshea mlango. Nilitoka nikaubamiza, na kioo chake kidogo cha hotuba nikakisikia kikianguka. Sijutii.

Alhamisi nilikwenda kwa Don Leocadio na bakuli la muhogo na mayai, nimeshaamua kumwambia. Nilimkuta barazani, amevaa shati jeupe la Jumamosi, anajaribu kama vifungo viko sawa.

"Nere, ni wewe? Nakujua kwa viatu. Hebu niangalie kola."

"Iko sawa, Don."

"Jumamosi utanishika mkono mpaka pale. Jina lake sina haja nalo, nalijua. Namba ndiyo ninayotaka kuishika." Akafungua kiganja chake cha kulia, akakiweka juu ya goti. "Tangu macho yaliponitoka, unajua alikuwa akinifanya nini? Kila asubuhi kabla ya kahawa aliniandikia namba hapa kwa kidole. Zote nane. Kisha anafuta mkia kwa dole gumba, moja moja, ananiuliza, 'Bado?' Namwambia, 'Bado.' Mpaka ibaki saba. Ndipo anasema haya, siku imeanza. Mwaka mzima sasa, Nere, siku zangu hazijaanza."

Nilikuwa nimejaa maneno ya kumtukana Fausto mpaka kooni, lakini la kumwambia mzee yule sikulipata. Nikamkatia muhogo. Nikarudi nyumbani nikijichukia, kwa sababu kimya changu sasa kilikuwa kinafanana na cha Licenciado.

Jumamosi asubuhi mji mzima ulipanda makaburini. Wanawake walikuwa wamepika wali wa mbaazi katika masufuria makubwa, kahawa ya tangawizi ilikuwa tayari kwenye birika, na wageni wa mji mkuu walisimama kwenye kivuli na viatu vyao visivyozoea udongo wetu. Licenciado alisoma hotuba. Alisema Mwalimu ndiye aliyeigundua namba hii, jambo ambalo Mwalimu angemzaba kofi kwa kulisikia. Alitaja Kamati mara kumi na nne. Kinyozi alikuwa akihesabu. Kisha akavuta gunia, watu wakapiga makofi, mpiga picha akapiga picha.

Makofi yalianza kufa yenyewe. Nilimwona muuguzi, 2207, akikunja uso. Nilimwona mwoka mikate akisogeza midomo, anasoma tarakimu moja moja. Polibio alikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, hajavua kofia.

"Sasa, Nere," Don Leocadio akaniambia, na akanyoosha mkono.

Nilimpeleka. Kaburi la Mwalimu na la mumewe yako pamoja, ya saruji, yaliyojengwa mwaka mmoja kwa mkono wa mwashi mmoja: la kulia la mke, la kushoto la mume, tupu bado, uso wake mweupe bila neno. Mzee aliweka vidole juu ya marumaru, akalipapasa jina haraka haraka, akashuka kwenye namba. Kidole kikaingia ndani ya tatu ya kwanza.

Kikasimama. Kikarudi kushoto, kikafika ukingoni, kikateleza nje ya jiwe. Kikarudi tena. Mzee alikuwa anatafuta kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko ambamo ana hakika aliutia.

"Saba iko wapi?"

Upepo ulikuwa unapiga vifuniko vya masufuria.

"Ni muhtasari tu, Don Leocadio," Licenciado akasema kwa sauti ya kubembeleza. "Kwa sababu za kiufundi. Maana yake ni ile ile."

Mzee hakugeuza hata uso.

"Nere. Wewe ni kumi na moja. Hii waliyoiandika ukiigawanya, inabaki ngapi?"

Ningeweza kusema sijui. Licenciado alikuwa ananikodolea macho, na wageni wote walikuwa wanatazama.

"Haibaki kitu, Don," nikasema. "Inavunjika. Na mimi nilijua tangu Jumatano nikakunyamazia."

Hapo ndipo mji ulipolipuka. Muuguzi alimwita Licenciado jina ambalo siwezi kuliandika, akalirudia na cheo chake mbele ili lisipungue heshima. Mwoka mikate alikuwa anapiga kelele, "Mjukuu wangu ndiye aliyeifunga! Elfu nane mia tano tisini na saba! Mnamwambia nini mjukuu wangu?" Watu walikuwa wakitaja namba zao na baki zao kila pembe, vijana kwa wazee, kama wanaoitwa majina shuleni, na wageni wa mji mkuu wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga makofi. Licenciado alikuwa akisema jiwe jipya litajadiliwa katika kikao kijacho. Alipogundua kwamba hakuna anayemsikiliza, alisema kwa nguvu kwamba sisi ni watu wasio na shukrani.

"Polibio yupo?" Don Leocadio akauliza.

Watu wakampisha. Polibio alikuja mbele, kofia mkononi sasa, ameinamisha kichwa kama anayengoja kipigo.

"Nipo, Don. Ni mimi niliyeikata. Nilidhani nalinda mkia."

"Tindo unayo?"

"Iko kwenye gari."

"Kailete." Mzee akapiga hatua mbili kushoto, akaweka kiganja juu ya uso mtupu wa kaburi lake mwenyewe, kulia kabisa, pale linapokaribiana na la mkewe, usawa wa namba. "Ichonge saba hapa."

"Don Leocadio, haiwezekani," Licenciado akaanza. "Kuna mpangilio, kuna kibali cha..."

"Kijana, hili ni langu. Nitalala humu bila kibali cha mtu. Wewe una mistari miwili kwenye kaburi la mke wangu na mimi sijakuuliza umekufa lini."

Polibio akachonga. Wali ulipoa, wageni walihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mpiga picha hakujua apige nini. Haikuchukua muda. Saba ni mistari miwili tu. Nilikuwa nikitazama tindo ikishuka na hasira ikinipanda upya, kwa sababu tulichonyimwa kilikuwa ni hicho tu, mistari miwili.

Polibio alipopuliza vumbi, mzee alianzia kwake. Kidole kikapita ndani ya saba, kikavuka ufa mwembamba ulio kati ya makaburi mawili, kikaingia kwenye tatu ya mkewe, kikaendelea mpaka mwisho. Alisoma kwa sauti, zote nane. Kisha akafunika tatu ya mwisho kwa dole gumba.

"Bado?" akauliza.

Tulielewa wachache tu. "Bado," nikajibu.

Akafunika tatu nyingine. "Bado?"

"Bado," watu wakaanza kunifuata, bila kujua kwa nini.

Akaenda hivyo akirudi kushoto, kiganja kikifuta namba ya mkewe tarakimu kwa tarakimu, mpaka akavuka ufa, na kilichobaki nje ya mkono wake kilikuwa saba peke yake, juu ya kaburi lake yeye.

"Ndiyo hii," akasema. "Wakikata vyote, hii ndiyo inayobaki. Mwaka mzima nimekuwa hii." Akafuta uso kwa mkono wa shati lake jeupe, vumbi la saruji likabaki shavuni. "Haya. Leteni kahawa, siku imeanza."

Jioni ile Polibio alikuja kwangu kuomba daftari, maana mimi ndiye ninayelitunza. Nikamwambia namba zimekwisha, hakuna iliyobaki ya kumpa. Akasema anajua. Alifungua ukurasa wa mwisho, akaandika kwa herufi zake nzuri za mawe: 3939133 kwa 11, baki hakuna, kosa langu. Akasaini. Nilimwacha.

Licenciado hakuandika chochote. Kikao kijacho kimeahirishwa mara nne, na jiwe liko vile vile. Kila Jumatano napanda na ndoo yangu, naanza na saba ya mzee, navuka ufa, naosha tarakimu zote, naosha jina la Mwalimu mpaka linang'aa. Ile mistari miwili ya chini siigusi. Kuvu limeshaanza kwenye L ya Licenciado.